Kona ya Kushukia

Siku tuliyomzika mke wangu watu walicheka, na siwalaumu. Mtani wetu aliingia stoo ya korosho, akaitoa pikipiki yangu kuukuu iliyokuwa imefunikwa magunia, akaisimamisha uwanjani mbele ya waombolezaji. Akajitanda kanga ya marehemu. Halafu hakukaa mbele. Alikaa nyuma, upande upande, miguu yote kushoto kama mke wangu alivyokuwa akikaa, akawa anapigapiga mgongo wa dereva asiyekuwepo: "Baba watoto, simama! Simama nishuke, chuma chako kimechoka!"

Watu walivunjika mbavu. Hata shangazi za marehemu, waliolia mpaka sauti zikawakauka, walicheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza aliyekufa ili walio hai wapumue kidogo. Mimi nilimtazama tu. Sikucheka, sikulia. Niliona kwamba tairi hazina upepo.

Nilikuwa hivyo tangu Ndanda. Mke wangu alipofariki hospitalini huko niliuliza gari la kumrudisha kwetu Chiungutwa linapatikana wapi, nikaambiwa, nikashukuru. Kaburini nilitia udongo kama wenzangu. Kwenye arobaini nilisimamia pilau lisiungue. Binti yangu mkubwa akanivuta pembeni, macho yamemvimba.

"Baba, lia basi. Wewe mtu au gogo?"

"Machozi si bomba kwamba nitafungua yatoke," nikamjibu. "Tena bomba lenyewe hapa kwetu halitoi."

Alikasirika, akaenda zake. Shauri yake. Lakini ndani nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia yeye wala mtu mwingine, kwamba labda sikuwahi kumpenda mama yao. Kwamba miaka yote ile tulikuwa watu wawili wanaopalilia mikorosho pamoja, basi.

Pikipiki ile nilikuwa nayo kabla ya ndoa. Ni zile za zamani, za petroli ya kuchanganya na oili, zinazotoa moshi mpaka jirani anafunga dirisha. Ndiyo niliyokwenda nayo kuchumbia kwao Chilangala, huko juu Newala, na ndiyo tuliyopanda kila tulipokwenda kuwasalimia wazee wake. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Tukifika mlimani ilikataa kubeba wawili. Kulikuwa na kona moja ambapo kila mara alinipiga mgongoni, nami nikasimama, nikailaza kidogo kushoto ashuke. Alivua viatu, akatembea. Mimi nilitangulia juu, nikamngoja injini ikiwa inawaka, maana ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena. Alifika anahema, jasho tupu. "Hivi wewe umenioa mimi au umeoa chuma hiki?" Kila safari maneno yaleyale.

Wakaja watoto. Hakuna aliyenikataza pikipiki, ila pikipiki haibebi familia. Ikawa surua, ikawa ada, ikawa msimu mbaya wa korosho, nikaiingiza stoo mpaka nitakapopata nafasi. Juu yake tukapanga mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho.

Baada ya arobaini ilikuwa bado uwanjani palepale mtani alipoiacha. Niliitengeneza kwa sababu ilikuwa inatuzuia njia, wala si kwa mapenzi. Salfa ilikuwa imekula nyaya, kabureta imeganda, tangi limejaa kutu. Vijana wa bodaboda walikuja kunitania.

"Shikamoo mzee! Hiyo si upeleke makumbusho?"

"Marahaba. Nitaipeleka na wewe ukiwa umekaa nyuma."

Mmoja akanisogelea na petroli tupu anisaidie kujaza. Nilimfokea! Petroli tupu inaiua injini ya namna ile. Nilichanganya oili mwenyewe, kipimo kilekile cha mashine ya kupulizia salfa, nikapiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka. Kuku walikimbia, moshi ukajaa uwanja mzima. Nikasubiri nifurahi. Wapi! Injini ilikuwa inawaka, hakukuwa na zaidi ya hapo.

Kwa kuwa inawaka, nikasema nimpelekee mama mkwe kanga za mwanawe, maana nguo za marehemu lazima zirudi kwao. Nilizifunga bunda moja, nikalikaza kwa mpira kwenye kiti cha nyuma. Binti yangu alisimama mlangoni akinitazama.

Niliendesha vizuri. Mikono ilikumbuka kila kitu. Nilipita mikorosho, nikapita watu wa baiskeli, nikaanza kupanda, na moyoni kulikuwa kimya kabisa.

Kwenye ile kona nikasimama.

Sikufikiri. Niliweka mguu chini, nikailaza pikipiki kidogo kushoto ili ashuke, nikangoja uzito upungue nyuma yangu. Haukupungua. Nikangoja tena.

Bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Mzee, imekuharibikia?"

"Hapana," nikasema. "Namshusha mama."

Alitazama kiti cha nyuma, akaona bunda la kanga. Hakucheka. Alisema pole, akaendelea na safari yake.

Nilipanda mpaka juu, nikasimama mahali pangu pa siku zote, injini inawaka, nikamngoja. Nilijua haji. Nilimngoja hivyohivyo, nikigeuka kutazama barabara kule chini, na hapo ndipo kilio kiliponitoka, cha sauti, mtu mzima na mvi zangu, wapita njia wakinishangaa. Nilimlilia mke wangu mpaka petroli ikaisha na injini ikazimika yenyewe.

Niliiegesha pembeni ya barabara. Nikavua viatu, nikajitwika zile kanga kichwani, nikaenda kwao kwa miguu.