Fundi Aliyeizika Injini Yetu

Basi yule fundi aliyesema injini ya gari letu imekufa, tusahau safari ya kwa mama, leo kaja uani kutucheka!

Mume wangu kipenzi alikuwa anabadilisha mwenyewe kemshafti, kile chuma kinachozunguka na kufungua vali za injini. Vifuniko vyake kavipanga kwa namba juu ya mkeka wetu wa harusi, mimi nafukuza kuku.

"Shemeji, mwambie bwana harusi injini haipangwi kama vikombe vya chai," fundi akaniambia.

Nikafukuza kuku mwingine.

Mpenzi wangu akakaza bolti ya mwisho, akawasha.

Ikanguruma!

Fundi akawageukia majirani: "Mnaona? Nilimfundisha mimi."

Jamani! Ovaroli safi, haya hana! Nyie mngemjibuje?

Mama, andaa wali wa nazi. Mkweo ananileta kwako Ruaruke kabla mwezi haujaisha, kwa injini hiyohiyo iliyokufa.