Breki Nyekundu za Laurentine

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Waulize wanawake ninaouza nao samaki hapa Kashikishi, watakuambia Clotilde ana mdomo wa kukemea, si wa kusifu. Lakini leo nitamsifu mdogo wangu Laurentine, na asiyetaka kusikia aende zake.

Tulizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Vita vilituleta Zambia, tukalima mihogo kambini miaka michache, kisha tukashuka hapa ufukweni kutafuta maisha. Mimi nilishika biashara ya chisense, wale samaki wadogo kama dagaa wanaoanikwa mchangani. Laurentine akapata kibarua kwa mzee Mukuka, fundi wa pikipiki pale sokoni, cha kuosha vyuma kwa petroli. Aliosha miaka mitatu. Jioni alirudi ananuka mpaka nilimwambia akae mbali na moto, asije akatuunguza sote.

Huko kwa Mukuka ndiko alikouona ugonjwa wa pikipiki zetu. Hapa pikipiki hubeba matenga ya samaki wa chumvi, na maji yake hudondoka kwenye breki njia nzima. Nyingine hupakiwa kwenye mashua kwenda kisiwa cha Chisenga na kurudi zimelowa. Kalipa, kile chuma kinachobana sahani ya breki ya mbele, hubambuka rangi, kisha kutu inaanza kula. Mukuka alikuwa anazipaka rangi ya madirisha kwa brashi, na baada ya wiki mbili zinabambuka tena. Laurentine akamwambia kwamba rangi ya breki inataka kupikwa. Mzee alicheka. Mimi nilicheka kumshinda.

Hakubishana nasi. Alijenga tanuri nyuma ya nyumba yetu, yeye huliita furu: nusu ya pipa la chuma lililokandikwa udongo wa kichuguu ndani na nje, makaa chini, bati katikati ili moshi usipande. Kipimo cha joto hana. Huweka unga kidogo wa mahindi kwenye kifuniko cha kopo, akakiingiza ndani. Unga ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, joto limefika. Kabla ya hapo huifungua kalipa yote, akatoa pistoni na mipira, maana mpira ukipikwa ndio mwisho wake. Huisugua kwa msasa, akaiosha, akaziba matundu yasiyotaka rangi, akapuliza rangi nyembamba mara tatu. Akiona mtu anapuliza rangi nene mara moja, hugeuza uso kama ameona mtu akila ugali mbichi.

Sheria yake ilikuwa moja tu.

"Yaya, mule mu furu chakula isiingie," aliniambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Rangi iko sumu. Usitiemo ata kilazi moya ya kuchoma."

Nilimjibu kwamba sina haja na tanuri lake. Watu walipokuja kuuliza fundi wa breki anakaa wapi, niliwajibu hivi: "Hapa fundi haiko. Iko mutoto anachezea rangi." Naye alikuwa nyuma ya nyumba, ananisikia vizuri. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Msimu wa mvua uliopita akaja Chisala, mwenyekiti wa waendesha pikipiki wa stendi, na kalipa nne ndani ya gunia. Alisimama mlangoni kwetu, akamtazama Laurentine juu mpaka chini.

"Bamayo, mama, breki si kucha ya kupaka rangi," alisema. "Ijumaa nakuja na wenzangu. Ikikuwa muzuri, pikipiki zote za stendi zitakuya kwako. Ikibambuka, tunapeleka kwa mwanaume mumoya kule mu boma ya wilaya, na wewe unarudia kuosha."

Laurentine alipokea gunia kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo nafasi aliyoingoja tangu siku ya kwanza ya petroli, na nilijua haitarudi mara ya pili.

Sasa nitasema lililonitia aibu. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Chisense wangu walikuwa wamelowa mchangani, wameanza kulegea, na tenga zima lingeoza. Jumapili mchana Laurentine alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikalitazama lile tanuri, zuri, kavu, limefunikwa na bati lisipate mvua. Nikajiambia tanuri ni tanuri. Nikawasha makaa, nikawapanga samaki wangu ndani. Walikauka, ndiyo, lakini walitoka wananuka rangi hata paka akawakataa. Niliwafukia shimoni, nikafuta tanuri kwa kitambaa, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mimi ni mkubwa, na mkubwa hapendi kukutwa na kosa la mtoto.

Jumatatu Laurentine akapika kalipa zake. Zilipotoka, rangi ilikuwa imejikunja na kuacha vishimo vidogo kila mahali. Alisugua zote upya, akaosha, akapuliza, na Jumatano akapika tena. Zikatoka vilevile. Habari zikamfikia Mukuka sokoni, na mzee hakuacha kumsimulia kila aliyepita.

Alasiri hiyo nilimkuta Laurentine amekaa kwenye kigoda, mikono yake mbele ya uso anaitazama.

"Yaya, hii mikono haiyue kazi," alisema. "Nitarudishia Chisala vyuma vyake. Nitarudia kuosha."

"Jaribu tena," nilimwambia, kwa ukali, kwa sababu moyo ulikuwa unaniuma na sikujua kwa nini.

Akainuka, akawasha makaa mara ya tatu, akaliacha tanuri tupu lipate joto kwanza. Nilikuwa napita na beseni la maji, harufu ikanipiga puani. Nimeuza chisense miaka kumi na miwili. Harufu hiyo nitaijua hata nikiwa usingizini. Mafuta ya samaki wangu yalikuwa yameingia kwenye udongo, na kila tanuri likichemka yalikuwa yanatoka na kukaa juu ya rangi ya mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu mwenyewe nilikuwa mimi.

Niliweka beseni chini. Nilimwogopa mdogo wangu, na mimi simwogopi mtu Kashikishi nzima.

"Laurentine, ni miye. Siku ya yenga, ile Jumapili ulikuwa ku kwaya, njo nilikaushiaka chisense yangu mu furu yako. Mafuta yake iko mu udongo. Inaharibu rangi."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyastahili, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea bila kujibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Yeye aliitazama tena mikono yake.

"Donc, kumbe haikukuwa mikono yangu," alisema.

"Haikukuwa mikono yako."

"Yaya, sema tena."

Nikasema tena. Akalia hapo hapo, analia na kucheka, na mimi nikalia pia kwa sababu sina moyo wa chuma. Kisha akapangusa uso, akanipa nyundo.

Tulibomoa udongo wote jioni ile. Laurentine akalisugua pipa kwa majivu na sabuni. Mimi nilikwenda kichuguuni mara tatu na beseni kichwani, kwenye tope, mgongo unaniuma, na sikulalamika hata mara moja. Alhamisi alfajiri alikandika upya, akachoma tanuri tupu mpaka saa nane mchana. Akaniita nikanuse. Nikaingiza kichwa, nikanusa kila kona.

"Haiko kitu," nilisema, na ndipo akaingiza kalipa, alizokuwa amezisugua na kuzipuliza rangi upya.

Ijumaa Chisala alikuja na vijana saba. Kalipa nne zilikuwa juu ya gunia safi, nyekundu, laini, zinang'aa. Chisala alizigeuza.

"Rangi iko muzuri. Lakini nguvu?"

"Uko na mafuta ya frein?" Laurentine alimuuliza. "Mwaga hapa juu."

Vijana wakaguna. Mafuta ya breki hula rangi isiyoiva, kila mwendesha pikipiki anajua hilo. Chisala alitoa kichupa, akamwaga matone. Tukangoja muda wa kuchemsha chai. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo watakatifu wote ninaowajua. Kisha Chisala akachukua kitambaa cheupe, akasugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, akakitazama.

Kitambaa kilikuwa cheupe.

"Na ile Mukuka anasema? Ati ulichoma mara mbili zikaharibika?"

Laurentine alitazama chini. "Furu ilikuwa na mafuta. Nilibadilisha udongo."

Hakunitaja. Angeweza, mbele ya wanaume wanane, na asingekuwa amesema uongo. Nikaona siwezi kukaa kimya.

"Ni miye!" nilisema. "Nilikaushiamo chisense. Yeye alinikatazaka, miye sikusikia. Mwende mumwambie Mukuka vile."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wacheke. Wiki iliyofuata pikipiki za stendi zilianza kuja, na hazijaacha.

Jana alikuja kijana mgeni kutoka upande wa Mofwe, kalipa mkononi imefungwa kwenye gazeti. Alinikuta mlangoni napepeta samaki.

"Mama, jambo. Fundi wa frein, yule baba, iko?"

"Hapa baba haiko," nilimjibu. "Vua kofia kwanza. Fundi iko nyuma ya nyumba. Anaitwa Fundi Laurentine, na ni mudogo wangu."

Nyuma ya nyumba msasa ulinyamaza kidogo. Kisha ukaendelea.