Jozi ya Mwisho ya Glavu

Fundi wa magari akinipa mkono, harufu ya grisi hunirudisha uani kwetu Likasi. Nyanya alikuwa akifumua glavu za kazi za babu, zile nyeupe za pamba, ili atufumie matriko, sweta za baridi. Hata zikifuliwa, uzi wake ulinuka grisi. Sisi wajukuu tulinyoosha mikono, naye akatuzungushia uzi huo.

Kiwanda alikokuwa akifanya kazi babu kilikuwa kimesimama, lakini alikuwa ameweka jozi moja mpya chini ya godoro. Asubuhi moja aliileta.

“Na bakikuita ku kazi, utavala nini?” nyanya akamuuliza.

“Batoto beko na baridi.”

Nyanya akatafuta ncha ya uzi. Nikanyoosha mikono kama kawaida. Babu akanisogeza taratibu, akaketi mbele ya mkewe, akanyoosha yake.