Kura zangu kumi na moja zilizoua riwaya ya Goreti

Wakuu, mwakeye. Wasio Waha, shikamoo na marahaba mgawane wenyewe huko.

Hii si chai, sijaitunga. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri, lakini humu ndani mjinga ni mimi, na mtaona.

Naandika nikiwa na hasira. Juzi kuna mwenzetu hapa kaweka sehemu ya tano ya riwaya yake, watu wakamvamia. "Inachosha mkuu." "Ishia hapo hapo." Mmoja alikiri hata hajasoma, ila naye kapiga kura iishe.

Nilitaka kumtukana huyo jamaa. Nikakumbuka kwamba mimi nimewahi kuwa yeye, mara kumi na moja ndani ya siku moja.

Twende.

Nilikuwa kidato cha tatu, mwaka jana tu, hapa hapa Ujiji. Ule wakati wakimbizi wa Burundi wanashushwa na boti kila wiki, wanapakiwa kwenye magari, wanapelekwa kambini upande wa Kasulu. Darasani akaletwa msichana anaitwa Goreti. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake aliyeolewa huku zamani.

Goreti alikuwa haongei. Ukimsalimia anaitikia, basi. Lakini alikuwa anaandika riwaya kwenye kaunta buku, kwa mkono, na wakuu, ile kitu ilikuwa tamu. Msichana, mdogo wake wa kiume na mbwa wao anaitwa Polisi, wanakimbia usiku na mchana kuelekea ziwani. Polisi alikuwa na sikio la kushoto lililokatwa na panga. Darasa zima tulimpenda yule mbwa kuliko mwalimu yeyote.

Kaunta buku lilikuwa linazunguka dawati kwa dawati kwa foleni, likijaa anaanza jingine. Ukimaliza, unafungua kurasa za nyuma, unaandika maoni yako: "Iendelee" au "Iishe", na neno lolote ulilonalo. "Iishe" zikizidi, mwandishi anafunga. Sheria aliiweka Goreti mwenyewe. Darasa likimaliza buku, anampa Mama Zuhura, muuza dagaa wa Simbo, ambaye kila wiki alikuwa anapeleka mzigo soko la karibu na kambi. Kule nako lilikuwa linasomwa, linarudi baada ya wiki mbili tatu linanuka dagaa.

Kuna kitu nilikiona nikakicheka. Buku likirudi, Goreti haulizi kama watu wamependa. Anafungua nyuma moja kwa moja, anapitisha kidole mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Nikamwambia, dada unapenda sifa wewe. Akaendelea na kidole chake.

Sasa mimi na mdomo wangu. Mwanzoni watu walikuwa wanaandika jina na mahali wanapoishi chini ya maoni. Mimi nikasimama darasani kama mbunge, nikasema haiwezekani, watu wanaogopa kusema ukweli, kura iwe ya siri. Wakanipigia makofi. Goreti akapinga, sauti ndogo, hakuna aliyemsikiliza. Kuanzia siku hiyo mabuku yote yakaandikwa nyuma "Usiandike jina", na la kwenda kambini pia.

Kwa nini nilifanya vile? Kwa sababu nilijua siku moja nitataka kupiga kura zaidi ya moja. Sina sababu nyingine, wakuu. Nimetafuta sana, sijaipata.

Siku yenyewe ikafika na sehemu ya saba. Nimekaa kwenye foleni siku tatu. Nafungua, nasoma, nafika mwisho: boti imejaa, msichana kapandishwa, mdogo wake kabaki mchangani kamshika Polisi shingoni, boti inaondoka.

Mwisho wa sehemu ya saba.

Nilipandwa na hasira sijawahi. Siku tatu foleni, halafu dogo anaachwa? Nikakusanya kalamu za watu: bluu, nyeusi, nyekundu, moja ya kijani ya mkuu wa darasa. Nikaandika kumi na moja, nyingine kwa mkono wa kushoto.

"Iishe. Mwandishi anatesa watoto."

"Iishe. Mimi ni mama wa watoto wanne, sijalala." Wakuu, nilikuwa na miaka kumi na sita.

"Iishe. Ndefu kama foleni ya mgawo, na ukifika mbele hakuna kitu."

Hiyo ya mwisho niliiona kali kuliko zote. Nilijichekea hadi nikapaliwa.

Goreti alisoma zote na kidole chake, akahesabu, "Iishe" zimezidi. Akafunga buku. Akasema, "Basi. Wasomaji wamesema."

Na akaacha kweli.

Darasa likawaka moto. Kila mtu anamshuku mwenzake. Wawili walikunjana mashati kwa ajili ya kalamu ya kijani, na mkuu wa darasa akaitwa mnafiki wiki nzima. Mimi nacheka. Siku ya tatu nikaacha kucheka, maana na mimi nilitaka kujua dogo alifika wapi.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi yake. Nikamkuta Goreti uani anaanua dagaa kwenye turubai, mvua inakuja. Nikamsaidia, nikambembeleza. Nikamwambia mrudishe tu yule dogo, atokee boti nyingine, kazi rahisi, hata mimi naweza kuiandika.

"Andika wewe," akasema. "Ukimpata niambie."

Nikadhani ananitania.

Akakaa kwenye ndoo. Akaniambia kwa sauti ile ile ya kuitikia salamu kwamba yule dogo anaitwa Butoyi, ana miaka kumi na miwili, na kweli alibaki mchangani. Shangazi ameenda kambini mara mbili kuuliza. Majina ni mengi, watoto waliovuka bila wazazi wameandikwa na watu waliowapokea, huenda anaitwa jina jingine kabisa. Lakini Butoyi akiona maandishi yoyote lazima asome. Ndiyo maana kaunta buku lilikuwa linapanda gari la dagaa.

"Nilikuwa namwandikia yeye," akasema. "Nyie mlikuwa mnasoma tu."

Hapo nilitakiwa niseme ni mimi. Sikusema. Nilibeba turubai, nikasema mvua hii kubwa, nikaondoka. Mnaotaka kunipiga mawe, mawe ni hapa.

Zikapita wiki mbili hivi. Mama yangu akanituma dagaa kwa Mama Zuhura. Akanipimia fungu, akanifungia kwenye karatasi. Nafika njiani naangalia ile karatasi, mwandiko naujua. Ni sehemu ya tatu. Polisi anabweka kwenye karatasi huku ameloa mafuta ya dagaa.

Nilirudi mbio. Nikamwuliza Mama Zuhura kwa nini anachana riwaya ya mtu.

Akaniangalia kuanzia miguuni. "Si mlisema iishe? Mwenyewe kaniambia nisiipeleke tena. Imerudi juzi, nikae nayo niifanyie nini, niifukizie ubani?"

Nilimfokea mtu mzima, wakuu. Nilimfokea kama yeye ndiye aliyeandika "Mimi ni mama wa watoto wanne". Wateja wakaanza kunisogelea wanitie adabu. Mama Zuhura akanitupia lililobaki, akaniambia nipotee na baba yangu atajua leo. Na alijua. Hiyo ni habari nyingine na mgongo wangu unaifahamu.

Lililobaki lilikuwa jalada, kurasa chache, na zile za nyuma za maoni. Nikaanza kuzisoma nikitembea. Maoni ya kambini. Iendelee, iendelee, iendelee. Kule hakuna hata mmoja aliyeandika iishe. Hata mmoja!

Karibu na mwisho kulikuwa na penseli, mwandiko wa kulalia upande:

"Iendelee. Ila sikio la Polisi lililokatika ni la kulia. Urabizi."

Urabizi ni Kirundi, maana yake "unajua". Nikasema huyu naye mjuaji, anabishana na mwandishi. Lakini nikageuza njia, sikwenda nyumbani, nikaenda kwa Goreti.

Akapitisha kidole. Kikafika pale kikasimama.

Hakulia wala hakupiga kelele. Akasema polepole, "Nilikosea makusudi. Butoyi hawezi kuona kosa akaliacha. Hata mama akikosea sala alikuwa anamrekebisha."

Halafu akageuza ukurasa, akaugeuza tena, akarudi. Anatafuta chini ya ile penseli. Hakuna jina wala mahali. Amelala hema gani, yuko kwa nani, hakuna.

Akaniinulia macho. "Nani alisema watu wasiandike majina?"

"Mimi."

"Na zile kumi na moja?"

Nilidhani hajui. Kumbe ile ya kijani niliisahau mkononi mwangu siku ile, nikampa Goreti mwenyewe amrudishie mkuu wa darasa. Akili zangu hizo.

"Na zile pia ni mimi," nikasema.

Bora angenipiga. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku jipya na kalamu, akanipa mimi. Akaniambia nipige mistari kurasa zote za nyuma: jina, mahali, uko kwa nani. Nikapiga mistari hadi kiza kikaingia. Yeye pembeni anaandika sehemu ya nane, na mstari wa kwanza anamwomba msamaha mbwa kwa habari ya sikio.

Mama Zuhura tulimwangukia wote wawili. Alinisonya, akalichukua. Kuhusu penseli hakumbuki chochote, buku lilipita mikono mingi sokoni.

Mpaka naandika hapa tuko sehemu ya kumi na tatu. Kila sehemu ina kosa moja. Bado penseli haijarudi.

Kwa hiyo wewe uliyemwandikia mwenzetu "ishia hapo hapo", sikujui, ila nimekukasirikia sana, na najikasirikia kupitia wewe. Hujui anamwandikia nani. Kama humalizii, pita kimya, acha foleni isogee.

Haya, uwanja wenu. Nitukaneni, nishaurini, na kama una ndugu anayefanya kazi au biashara upande wa kambi, sema hapa.

Ila andika jina lako na ulipo. Kura ya siri kwenye uzi huu sitaki kuiona.