Kanda ya Harusi Iliyokwenda Uroa

Leo kila mtu anatembea na sinema yake mfukoni. Miaka ya tisini ile inaanza, mtu akitaka filamu Mji Mkongwe ilikuwa lazima anijue mie. Nlikuwa na duka la kukodisha kanda za video, kichochoroni, duka lenyewe jembamba hata akiingia mteja mnene mie hutoka nje nikampisha. Lakini kanda! Za Kihindi, za ngumi, za Wachina wanaoruka juu ya miti. Zimepangwa mpaka darini, na ukitaka kuvuta ya chini kabisa ulikuwa upige shahada kwanza, maana ukuta mzima unakuja na wewe.

Filamu mpya ya Kihindi ikifika dukani asubuhi, adhuhuri mji mzima ushalia. Palikuwa na moja, ya mama anayefua nguo za watu ili amsomeshe mwanawe, mwana akishakuwa mkubwa anamkana. Ile, wallahi, iliwaliza wanawake hata visima vya mji vikapanda maji. Wanaume hawakutaka kuiona hata kasha lake. Wao wakitaka ngumi. Iekeni akilini filamu hiyo, maana ndiyo iliyotaka kututia aibu.

Basi nikatokewa na bibi mmoja. Mtu mzima, mjane, rika la mama yangu, mkaazi wa Amani huko Ng'ambo. Zamani akiuza udi na mafuta mazuri nyumba kwa nyumba. Siku moja akatia kanda chache ndani ya kapu lake, chini ya udi. Kwisha khabari yangu!

Maana mie wateja wangu nani? Wanaume, na watoto waliotumwa. Wenye filamu khasa, wale wa kulia, ni wanawake, nao wako ndani. Mie siwezi kuwafata. Yeye akipiga hodi anaingia mpaka chumbani, anavua buibui, anatiliwa chai, anawasikiliza mmoja mmoja. Huyu anataka ya mapenzi, yule anataka ya mama mkwe mwovu. Akirudi tena kanda zao hizo hapo, zinanukia udi. Na faini hana! Kwangu ukichelewesha, faini. Yeye anamwambia mtu, "Kaa nayo mwanangu, mpaka nipite."

N'kasema siwezi kufa hivi hivi. Nikaanza kupita chini ya madirisha. Nnaita majina ya filamu kichochoroni, mwanamke anateremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani kama anavyonunua mchicha, naeka kanda, anavuta. Biashara ikaenda kidogo, mpaka siku kamba ilipokatika, kanda ikamwangukia muuza kahawa utosini. Yule mtu mpaka leo akikohoa hutoka wimbo wa Kihindi.

Bibi akipita ananikuta nimenyoosha shingo juu kama kuku anayekunywa maji.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Shingo haijakuuma?"

"Haijauma."

"Itauma tu. Mie huyo naingia ndani nnywe chai."

Na kweli, anaingia. Huko juu nasikia kicheko chake, kicheko ambacho hata kima wa Jozani huko kusini walikuwa wanakijua.

Sasa nyuma ya duka langu palikuwa na jumba la Waarabu wa zamani, mlango wake mpana kuliko duka. Mashamba yao yalishakwenda, vijana wao walikuwa wakifanya kazi bandarini na posta, lakini heshima ilibaki pale pale. Mama mwenye nyumba aliozesha binti yake. Harusi ikanguruma. Na upande wa wanawake ukapigwa video, mpigaji mwenyewe mwanamke.

Kwetu upande wa wanawake mwanamme haingii. Mabuibui yamevuliwa, vichwa wazi, watu wamejipamba, wanacheza. Wengi walikuwa hawataki kupigwa. Yule mama akapita majumbani mwao kabla ya harusi, akawaapia: kanda hii haitaonwa na jicho la mwanamme, hata la mume wangu. Kwa neno lake yeye, wakakubali.

Harusi ikaisha. Kanda ataificha wapi, na nyumba imejaa vijana wa kiume wanaotia kila kanda wanayoiona kwenye deki? Mama akafikiri. Alikuwa ameazima kwangu ile filamu ya mama mfua nguo. Akaitoa filamu kwenye kasha lake, akaisukuma chini ya godoro, na kanda ya harusi akaitia ndani ya kasha lile, juu ya kabati, wazi wazi. Anajua hapana mwanamme atakayeligusa. Akili kubwa ile! Ila hakumwambia mtu.

Alkhamisi bibi wa udi akapita. Mama hayupo, yupo mke wa mwanawe. Akaliona kasha lina nembo ya duka langu, akaikumbuka faini, akaona afanye wema. "Bi, utapita dukani kwa yule kijana? Mpelekee kanda yake hii." Bibi akasema haya, akaitia kapuni.

Ijumaa, nimetoka kusali, nafungua duka, mama yule akaingia. Mwenyewe! Sauti yake nlikuwa naijua, inatoka juu na kikapu, lakini chini sikuwahi kumuona. N'katoka nje nimpishe kwa mazoea, akanambia, "Rudi ndani. Kanda yangu iko wapi?"

"Kanda ipi, mama?"

Akanieleza yote, kama nlivyokuelezeni. Mie kanda sijarudishiwa. Nikamwambia. Akakaa juu ya kreti la soda.

"Nimeingia majumbani mwa watu nikawaapia," akasema. "Pana wanawake mule hata ndugu zao wa kambo hawajawaona nywele. N'tawatazama vipi? N'ambie wewe, n'tawatazama vipi?"

Akalia. Sasa mie machozi ya filamu nayajua, nimeyauza kwa ndoo. Yale hayakuwa ya filamu. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mama. N'taileta." Kwa kiburi! Wala sijui iko wapi.

Nikapiga Vespa yangu mpaka Amani. Bibi nimemkuta uani anachambua mchele.

"Bi mkubwa, kanda uliyopewa jana iko wapi?"

Akainamia ungo wake. "Ile? Nimeipeleka Uroa."

"Uroa! Si umeambiwa uniletee mie?"

"Kila nyumba nnayoingia naambiwa filamu ya yule kijana ndiyo inayoliza. N'kasema basi na watu wa Uroa nao walie kwa mkono wangu, khalafu nikurejeshee. N'nakuchezea tu, yakhe. Pana bwana kule ana banda la video na jenereta. Leo anaonesha."

"Anawaonesha nani?"

"Wanaume. Kule hawachagui filamu. Baada ya alasiri."

Nikamwambia mna nini ndani ya kasha. Ungo ukamponyoka, mchele wote chini, kuku wakala biriani siku ile.

"Yarabi," akasema. "Na mie nimo."

"Umo wapi?"

"Mule ndani ya kanda. Nlialikwa. Nimecheza, mwanangu." Akajifunika uso kwa kanga. "Nimecheza vibaya."

Hapo shetani akaninong'oneza. Akanambia mwache huyu. Kanda ikionwa, kesho hapatakuwa na mlango mjini utakaomfungukia, na wateja wote wako wewe na kikapu chako. Maneno matamu. Lakini nikamkumbuka yule mama juu ya kreti la soda. Na huyu hapa naye keshakuwa mdogo, kicheko chote kimetoka. N'kasema, "Bi mkubwa, vaa buibui lako. Panda."

Alikuwa mtu wa mwili. Alipokaa nyuma Vespa ikainua gurudumu la mbele kama farasi, ikatoka Amani hivyo hivyo, mpaka Mwera ndipo gurudumu likagusa lami. Dunga tukapita, watu wanatusalimia hatuitikii. Baada ya Chwaka njia ilikuwa mashimo tu, shimo moja tumeingia tumekuta ng'ombe ndani anakula majani. Na yeye nyuma anasoma kila dua anayoijua. Dua zikaisha, akaanza upya.

Tukafika Uroa. Banda lile pale, la makuti, jenereta linanguruma nyuma yake. Lakini tazama, wanaume wote wako nje! Wamejaa kwenye viti vya mbao kivulini, wamenuna, na mwenye banda mwenyewe yumo kati yao, amenuna kuliko wote. Mlango umefungwa, na mlangoni amesimama mwanamke mwembamba, mikono imepauka kwa maji ya chumvi ya kulima mwani, ameshika mwiko wa ugali. Mkewe mwenye banda, nikaja kujua.

"Hapaingii mwanamme," akasema, wala sijashuka.

"Na mwanamke?"

"Mwanamke aingie. Kuna nafasi kidogo."

Bibi akashuka, akamsogelea, wakanong'onezana. Akaingia. Mlango ukafungwa. Mara ndani kukapigwa vigelegele hata makuti yakatikisika.

Mwanamme mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Wewe umetoka mjini. Ndani mna nini?"

"Deki limekufa," nikasema. "Wanalitengeneza."

"Deki lilokufa linapiga vigelegele?"

"Haya ya Kijapani mapya ndivyo yalivyo."

Akatikisa kichwa. "Mke wangu kaingia tokea asubuhi. Hata chakula sijala."

"Na wangu," akasema wa pili.

"Wangu kaja kunywa maji, akarudi mbio," akasema wa tatu.

Tukakaa. Bibi hatoki. Ngoma inaanza, inakwisha, inaanza nyengine. Alipotoka jua lilishalala, na kicheko chake kimerudi, kanda iko kifuani chini ya buibui.

"Umekaa humo mwaka!" nikamwambia. "Nlidhani umeingia kuichukua."

"Nimeichukua. Lakini hawajamaliza, n'tawakatishaje? Na nlikuwa sijafika pangu."

Mkewe mwenye banda ndiye aliyenieleza mambo yalivyokuwa. Kila kanda inayokuja pale yeye huitazama kwanza, asubuhi, peke yake, aone pana mabusu wapi, ili watoto wakiwapo ajue pa kuifunika televisheni kwa kanga. Ndiyo kazi yake, mumewe kamwachia. Akaitia kanda ya mama mfua nguo, akangoja mama afue. Anaona bibi harusi, wanawake vichwa wazi! Akaizima hapo hapo. Akafunga mlango, akawaita wenziwe waliokuwa wanatoka mwanini, nguo bado mbichi. Wanaume wakaambiwa deki bovu.

"Tulijua imepotea njia," akanambia. "Vitu kama vile haviletwi kwa watu. Mwambie mwenyewe, wanaume wa Uroa hawakuona hata ukucha. Na mwambie kanda yake nzuri, tumeitazama mpaka tumewajua. Yule mwenye dhahabu nyingi hajui kucheza. Bibi wako ndiye anayejua."

"Nlidhani kacheza vibaya."

"Vibaya sana," akasema. "Ndiyo utamu wenyewe."

Mjini tulimkuta mama dirishani. Akateremsha kikapu. Bibi akaitia kanda. Kikapu kikapanda, polepole kuliko vikapu vyote nlivyoviona. Khalafu bibi akaita kutoka chini, yeye ambaye siku zote huingia ndani, "Hapana mwanamme aliyeona! Wanawake wa Uroa wamekulindia!" Mara huko juu tukasikia mtu analia na kucheka pamoja. Harusi ya binti wa pili, wanawake wa Uroa walialikwa, wakaja lori zima, wakacheza hata ghorofa ya juu ikataka kushuka kuwaangalia.

Toka siku ile mie na bibi vita vikaisha. Kanda nanunua mie, yeye anaingia nazo ndani. Faini nikaifuta, maana kila nlipoitaja alikuwa anacheka. Tukaenda hivyo mpaka madishi yalipoota juu ya mapaa na santuri ndogo zile za kung'aa zikafika, watu wakawa hawatutaki, si mie wala yeye. Bibi akarudia udi wake. Khalafu akafariki, Mungu amrehemu, na nyumba nyingi mji huu zililia siku ile kuliko kwa filamu yoyote yangu.

Duka nnalo bado. Nnahamisha kanda za zamani kuzitia kwenye santuri. Miaka ya elfu mbili na kumi na kitu akaja msichana wa chuo, mtoto wa yule bibi harusi, ameshika kasha nimelijua tokea mlangoni. Limepauka, nembo yangu imebaki nusu.

"Bibi mzaa mama kasema nikupe wewe tu," akasema. "Kasema unajua la kufanya."

Najua. Nikafunga mlango. Nikaifunika televisheni kanga mbili, moja juu ya moja, nikageuza kiti nikaipa mgongo, nikawasha mashine ya kuhamishia. Harusi nzima nikaisikiliza hivyo, nakunywa chai. Vigelegele, ngoma, watu wanaitana. Halafu nikasikia watu wote wanaangua kicheko mara moja, na juu yake kicheko kimoja kinachofika Jozani, nikajua yuko katikati, anacheza.

Yule bibi wa udi hakupata kupigwa picha nyengine maishani mwake, nimeulizia hata kwa wanawe. Hiyo ndiyo pekee. Mkono wangu ukafika nyuma, ukashika pindo la kanga. Ukakaa hapo.

Nikaurudisha. Nikamngoja mpaka akamaliza kucheza, watu wakampigia makofi na mie nikampigia, nimeukabili ukuta. Kanda ilipofika mwisho nikaitoa, nikaitia pamoja na santuri yake kwenye kasha la mama mfua nguo, nikalifunga kwa gundi.