Kisu cha Mkono wa Kushoto

Nilipoolewa Kamuli nikitokea Nyabiyonza, nilikuja na kisu changu cha kumenyea ndizi, na nilikitumia kwa mkono wa kushoto, mkono niliozaliwa nao. Baba mkwe, mtu mwema, akakinoa wiki ile ile ili kunikaribisha. Tangu hapo kisu kikanigeuka. Kila nikimenya kinazama, ganda linatoka na nusu ya chakula.

Mama mkwe akasema mbovu ni mkono. Nikijaribu wa kulia, najikata. Akatangaza kwamba shemeji yangu, mwanawe aliyekwenda vitani, akirudi tutamenya ndizi za karamu ya kumpokea mbele ya ukoo mzima, na nikiwaaibisha nitarudishwa kwetu nikafundwe upya. Jamani, nilikasirika! Mume wangu nilimpenda, na habari za kurudishwa sikutaka hata kuzisikia.

Karamu ilipokaribia nikamwona baba mkwe akinoa kisu cha mama mkwe. Alisukuma upande wa kulia wa kisu tu. Wa kushoto aliugusa kidogo, basi. Nikashtuka. Baba yangu naye alinoa hivyo kisu cha mama, lakini changu alikuwa akikigeuza, akinoa upande wa kushoto. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia.

Nikaenda kijitoni na jiwe la kunolea. Nikalilowesha, nikalaza kisu kwa upande wa kushoto, nikainua mgongo wake kidogo tu, nikasukuma kutoka mpinini hadi nchani kwa mwendo mmoja mrefu, kana kwamba nachuna ngozi ya jiwe. Kurudi nakiinua, sikiburuti. Kidole kilipohisi makali yanakwaruza upande wa pili, nikageuza, nikapitisha mara moja kwa wepesi. Nilikuwa nalia huku nacheka.

Siku ya karamu nikaketi katikati ya wanawake wa ukoo. Wacha we! Maganda yalitoka membamba, ndizi zikadondoka nzima nzima, nikawaacha wote nyuma na sikuona haya kuwatazama usoni.

Mama mkwe akaninyang'anya kisu ajionee mwenyewe. Katika mkono wake wa kulia kikazama mpaka katikati ya ndizi. Wanawake wakaangua kicheko.

"Kisu hiki kina wazimu," akasema.

"Hapana, mama. Kina mwenyewe."

 Akanirudishia kisu, mpini ukielekea kwangu, akasogeza na kapu lake la ndizi mbele yangu.