Kondo Nililolizika Upesi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa banda alinipa ufagio, akanionya nisimguse farasi mpaka farasi mwenyewe anizoee. Ilikuwa miaka ya arobaini, huko Kisauni, nami kijana wa Frere Town niliyeusikia usaisi, yaani utunzaji wa farasi, kwa maneno tu.

Mwaka wa tatu nikakabidhiwa Malkia, farasi jike mwenye mimba. Farasi hubeba mimba miezi kumi na mmoja, na ule wa mwisho, haki ya Mungu, sikuwa na raha. Kila asubuhi nilitazama chuchu: zikitoa matone yanayoganda kama nta, uzazi umekaribia. Nilipapasa na shina la mkia, kama nyama imelegea.

Alizaa alfajiri, salama. Kitoto kikasimama, kikanyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Kondo la nyuma lilipotoka nikafanya tufanyavyo kwetu: nikalizika pale pale, mbwa wasilifikie. Nikajiona muungwana.

Kesho yake Malkia akakataa nyasi. Kwato zina joto, mwili unatetemeka. Nikakimbia kumwita Msimamizi. Daktari wa Mifugo alipofika kutoka mjini kisiwani, swali lake la kwanza lilikuwa kondo liko wapi. Nikajitia kumpangusa Malkia jasho. Kwetu kufukua kondo ni kumtakia mzazi mabaya. Na nikikiri sikulikagua, kazi sina.

Msimamizi akanigeukia. "Saisi, huyu anakufa. Sema."

Nikasema. Nikachimba mwenyewe. Daktari akalitandaza juu ya gunia, akaligeuzageuza. Ncha moja ilikosekana, kipande kisichozidi kiganja. Kimebaki ndani, kinaoza. Akavua shati, akajipaka sabuni mpaka begani, akakitoa, akamsafisha Malkia kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Siku mbili nilimwogopea kila akilala chini. Ya tatu akala.

"Kuzika, zika," Daktari aliniambia. "Lakini nionyeshe kwanza."

Sasa nimestaafu, magoti yameisha, na nyinyi vijana mnadhani usaisi ni kupanda farasi tu. Mimi uliniachia woga. Kila mke wangu alipojifungua nilisimama mlangoni kumwuliza mkunga kama kondo ni zima, na wanawake wakinicheka: mwanamume gani huyu! Kwa mtoto wetu wa nne mkunga alinuna, akalifunua tena ili aninyamazishe tu. Akalitazama, kisha akarudi ndani mbio.

Mke wangu yuko jikoni hivi sasa, ananipikia chai.